Nafasi ya Kitinda Mimba

Miaka ile viwanda vya minofu ya sangara vilipofunguliwa Mwanza, nilipata kazi ya kompyuta katika kimojawapo, nikajiona nimeumaliza ulimwengu. Jumamosi nilitumia mashine ya kiwandani kuchapa orodha ya waumini wa kigango chetu cha Kirumba. Kila kaya ilikaa kwenye mstari mmoja wa maandishi: baba, mama, kisha watoto kwa kufuatana, koma kati yao. Niliandika programu fupi ya kuukata mstari huo kwenye koma, ili majina yawe orodha tena, kila mtu na mahali pake.

Kigangoni kwetu, siku ya kuwaombea marehemu, katekista alisoma watoto wote wa kaya, wazima na waliokufa. Aliyekufa kabla ya kupewa jina aliachiwa nafasi tupu kwenye orodha, na katekista akiifikia alinyamaza kidogo. Mama wa mtoto husimama katika kimya hicho.

Mama yangu alikuwa naye mmoja, kitinda mimba wake, mtoto wa sita. Alizaliwa hospitali ng'ambo ya ziwa, Sengerema, akaishi siku mbili. Alizikwa wakati mama bado hajiwezi kitandani, na kaburi hakuwahi kuonyeshwa. Hakuwa na mahali pengine pa kumlilia ila kimya kile.

Mwaka huo katekista alisoma kutoka kwenye karatasi zangu. Jirani yetu, ambaye mtoto wake asiye na jina alikuwa wa katikati, alipata kimya chake. Zamu yetu ikafika. Mama alijiinua mapema kwa sababu ya magoti. Jina la mtoto wa tano likasomwa, kisha, bila hata kuvuta pumzi, kaya iliyofuata. Mama akabaki amesimama, ameshika benchi, watu wakimtazama. Nilitamani ardhi inimeze.

Nyumbani aliniuliza, "Mwanangu, umemtoa wewe?"

"Mashine, mama."

Jumatatu nikaona kosa. Lugha ile niliyoandikia programu, ikikata mstari, hutunza nafasi tupu za katikati, lakini za mwishoni huzitupa mpaka uiagize isizitupe. Kitabu kilisema hivyo waziwazi. Sikukisoma, kwa ujuaji wangu. Niliongeza namba moja hasi kwenye agizo, basi. Ilikuwa kazi ya dakika moja, na mama aliingojea mwaka mzima.

Mwaka uliofuata kimya kilikuja. Mama alisimama. Alipoketi alinishika mkono.

"Leo mashine imemkumbuka," akaninong'oneza.

"Ndiyo, mama."

Alikufa akiishukuru mashine ile. Siku hizi kwenye kimya kile nasimama mimi, na aibu hainitoki. Sikuwahi kumwambia kwamba mashine haikumsahau mtu. Aliyemsahau mdogo wangu ni mimi.