Masse Haiko

Mume wangu Kisimba aliniacha nihukumiwe mbele ya kaburi la mama yangu kwa kosa la kidole chake. Alijua ni kidole chake. Alikuwa amesimama karibu nami, kofia mkononi, akanyamaza. Hilo ndilo kosa.

Mimi ni Laurentine, mzaliwa wa Musumba, mtoto wa kwanza wa mama yangu. Sikusoma, haya nayasema na binti yangu Noëlla anayaandika. Niliolewa Kolwezi, na tunakaa Kapata, katika nyumba mojawapo ya zile za mistari zilizojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa mgodi. Mimi nauza makayabu, samaki wa chumvi, mbele ya mlango. Kisimba alikuwa fundi wa umeme katika mgodi wa Mashamba. Kazi ilipokwisha, alibaki na mikono yake na mpenzi mmoja, ambaye si mimi. Ni foni.

Foni ni redio ya kuongea na watu wa mbali. Simu ya mkononi hufika kwetu Kapanga, eneo lenye Musumba, siku inayopenda yenyewe. Foni hufika kila siku, mradi aliyeifunga anajua kazi. Kisimba ameifunga ndani ya Land Cruiser kuukuu anayobebea abiria na mizigo, kutoka Kolwezi mpaka Kasaji, Sandoa na Musumba. Nyuma, juu ya bampa, tunayoiita pare-choc, imesimama antena: fimbo ndefu ya chuma, katikati imevimba pale penye bobine, yaani waya uliosokotwa. Watoto wa Kapata wanaiita motokari yetu Panzi. Jumapili asubuhi, wengine wakienda kusali, yeye huketi ndani ya Panzi kuongea na wapenzi wa redio kama yeye, mmoja wa Zambia, mwingine wa Angola, watu ambao hajawahi kuwaona kwa macho. Hawana habari kubwa. Wanaulizana tu: "Unanisikia namna gani?" Mimi niliyekuwa jikoni hakuniuliza hivyo hata mara moja.

Lakini kazi ya antena alinifundisha, kwa sababu mtu mmoja haiwezi. Antena ya gari ni fupi kuliko wimbi inalotaka kulirusha, kwa hiyo lazima ibembelezwe. Unavuta ncha ya fimbo kidogo, unairudisha kidogo. Yeye yuko kwenye kiti, anabonyeza kwa kidole gumba kitufe cha mikro, kipaza sauti kinachorusha kila kinachosikika karibu, na kupiga filimbi, maana bila sauti sindano ya kipimo haipandi. Nguvu ikitoka vizuri, sindano inatulia. Ikikataa kutoka, inarudi ndani na inaweza kuunguza mashine. Tena fimbo ni mguu mmoja tu. Mguu wa pili ni chuma chote cha motokari. Waya unaofunga kitako cha antena kwenye chuma hicho, mafundi wanauita masse. Masse ikilegea, antena inachechemea.

Kisimba alinipa sheria mbili. Ya kwanza: usiguse chuma cha antena wakati nimebonyeza, kitakuunguza. Ni kweli, kinachoma kama sindano yenye moto. Ya pili ndiyo anayowafundisha wote wanaoanza foni katika njia yetu: usipime antena mahali watu wanaposikilizana. Sogea pembeni, kwenye wimbi lisilo na mtu, piga filimbi yako huko, kisha urudi.

"Foni ni kisima," huwa anawaambia. "Batu banateka maji, weye unakuya kunawa miguu?"

Nao wanacheka, wanamwita Mwalimu.

Habari ya kifo ilikuja kwa foni hiyo hiyo. Elisée, anayeshika foni ya Musumba, alinipa pole, kisha akampa mikro mdogo wangu Gaston.

"Yaya, mama ametuacha," Gaston alisema. "Abbé iko hapa, lakini keshokutwa mangaribi anaenda parokia ingine. Weye njo mukubwa. Mukikaribia, mutuite kwa foni, mutuambie juu ya messe. Tunangoja neno yako."

Yaya ni dada mkubwa, Abbé ni padre, messe ni misa. Kwetu tunaitaja kwa Kifaransa. Na kwetu neno la binti mkubwa kwenye kilio cha mama yake halirukwi. Gaston alikuwa na sababu nyingine ya kuuliza. Tangu niolewe nimekuwa nikisali kwa Waprotestanti, kanisa la Kisimba. Mama hakulalamika hata siku moja. Alinipa rozari yake siku ya ndoa, akasema nikae nayo hata kama sitaisali. Waliolalamika ni wengine.

Tulilala njiani. Siku ya pili, tulipokwisha kupita Sandoa, njia ilikuwa imefungwa na majani pande zote, na tawi moja likaidaka antena. Fimbo ililala nyuma kama mkia. Kisimba alisimamisha motokari, akaifunga kwa kipande cha mpira wa gurudumu. Waya wa masse ulikuwa umekatika chini kabisa. Alikwangua rangi ya pare-choc kwa kisu mpaka chuma kikang'aa, akaniambia:

"Shika waya hapa. Gandamiza. Nipime mbio, banatungoja."

Nilipiga magoti kwenye matope. Alipanda, akashusha kioo cha dirisha ili nimsikie. Akapiga filimbi. Hakusogea pembeni. Alibaki pale pale ambapo watu wa Musumba na wa njia nzima walikuwa wakisikiliza. Haraka ilikuwepo, hilo simnyimi.

"Masse iko?" alipaza sauti.

"Ngoja!"

Filimbi tena. Waya ukateleza, kidole changu cha shahada kikagusa mguu wa antena, na ule moto ukaniingia mpaka kwenye mfupa. Nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote:

"Masse haiko! Haiko, nakuambia! Achana nayo!"

Nilinyonya kidole. Ndani ya motokari mashine ilikoroma, sauti ya mtu ikawa inakuja na kukatika. Kisimba akasogeza mikro mdomoni, akajibu ndiyo kwa lugha ya foni.

"Affirmatif, affirmatif. Haiko. Tunakuya bile bile."

"Banasema nini?" niliuliza.

"Banauliza kama masse haiko."

"Elisée anaona waya yetu kutoka Musumba?"

"Fundi anasikia, mama. Sauti ikichechemea, anajua."

Nikacheka. Nilicheka kweli, huku matope magotini. Kicheko hicho kinanitia aibu kuliko mengine yote, maana saa hiyo hiyo ndugu zangu walikuwa wanamwambia Abbé afunge mfuko wake aende.

Foni haikushika tena mpaka tulipofika. Nilitegemea kusikia nyimbo kutoka mbali. Hakukuwa na wimbo. Watu walikuwa wanatoka makaburini, makoleo mabegani, na hakuna aliyenikimbilia kunikumbatia kama inavyofanywa kwa mtoto wa mfu. Kaburi lilikuwa limekwisha kufunikwa. Mama mdogo Henriette, mdogo wake mama, alikuwa ameketi kwenye mkeka na wanawake wengine.

"Karibu, mama pasta," aliniambia.

"Mama mudogo, kwa nini hamukunigoja? Messe imepita?"

Wanawake waliguna. Mmoja alijifunika uso kwa kitambaa.

"Anauliza messe!" Henriette alisema. "Mulisikia? Dada yangu alikula komunyo tangu utoto. Umemuzikisha kama kuku amekufa na ugonjwa, sasa unauliza messe."

"Nani alisema isifanywe?"

Gaston hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo. "Yaya, nilikuwa pa foni," alisema polepole. "Na batu bengine balikuwa. Sauti ilikuwa yako. 'Messe haiko, achana nayo.' Nikasema pengine tumesikia mubaya, Elisée akauliza tena. Bwana yako akajibu affirmatif."

"Mi sikusema hata neno moja kwa foni! Naapa mbele ya mama!"

Niliapa nimeweka mkono kwenye udongo mbichi. Na watu wote waliokuwa pale walikuwa wameisikia sauti yangu kwa masikio yao. Basi nikawa binti aliyemnyima mama yake misa, tena mwenye kuapa uongo juu ya kaburi lake.

Nilimgeukia Kisimba. "Weye ulikuwa pale. Sema."

Hakuniangalia. Aliangalia upande wa Panzi, pale nyuma penye pare-choc. Kidole gumba alikuwa amekificha ndani ya ngumi. "Batu bako na uchungu," alisema. "Tutaongea nyuma, si sasa."

Nilipokaa kwenye mkeka, wanawake walisogea wakaniachia nafasi kubwa mno. Chakula walinipa katika sahani ya mgeni, yenye maua, pamoja na kijiko. Katika nyumba ambamo nilijifunza kumega bukari, ugali wetu! Nilikula kwa kijiko. Ningefanya nini? Kabla hatujaondoka, Gaston aliniambia misa ya kumkumbuka mama inaweza kufanywa bado, Abbé amekubali. Lakini wazee wamesema itaombwa na yule aliyeikataa, na kwanza aombe msamaha.

Wakati wa kurudi tulisimama Sandoa kuweka mafuta. Mechack, anayeshika foni ya pale, mtu wa mizaha, alinifuata huku akicheka, habari za kilio hakuwa nazo zote.

"Mama Laurentine! Masse imepatikana?"

"Masse gani?"

"Ile ulikuwa unalilia! Nasikia Mwalimu anapiga filimbi katikati ya batu, nasema, ee, leo Mwalimu ananawa miguu mu kisima! Mara naye mama: masse haiko, achana nayo! Tulicheka mpaka chai ikamwagika."

"Ulinisikia?"

"Muzuri sana. Kama uko hapa."

Aliacha kucheka alipoona uso wangu. Nilitazama kidole changu. Palikuwa na alama nyeupe, ndogo kama punje ya mtama. Chuma cha antena hakiunguzi mtu ila kitufe kimebonyezwa. Nilikuwa nimebeba jibu kwenye kidole changu tangu tulipokuwa matopeni, na nililigandamiza kwenye udongo nilipokuwa naapa.

Nilingoja tulipoondoka Sandoa.

"Ulikuwa umebonyeza," nilimwambia Kisimba.

Aliendesha. Tulipita daraja.

"Mi nilizani Elisée anauliza masse," alisema mwishowe.

"Hiyo nakuachia. Hata mi nilizani. Na pa kaburi, ulizani nini?"

"Pa kaburi nilifahamu."

"Ukanyamaza."

"Laurentine, batu yote ya foni bananiita Mwalimu. Mi njo nabakataza kupima penye batu. Niseme nilisahau hata kusogea? Unataka banicheke kutoka Kolwezi mpaka Kapanga?"

"Na mi? Mi sichekwi kutoka Kolwezi mpaka Kapanga? Ama mi nachekwa kwa njia ingine, ya uchochoro?"

Alipapasa mikro iliyoning'inia kama mtu anayepapasa jino bovu.

Tangu siku hiyo si mtu mbaya nyumbani. Anateka maji bila kutumwa. Aliahidi kwamba safari yake ijayo atamwona Gaston, atampelekea mbuzi na kitenge cha Henriette, watafunga mlango na atawaeleza. Nilimkatalia. Maneno yale hayakusemwa ndani ya nyumba. Yalisemwa hewani, na wauzaji, makatekista na madereva wa njia nzima waliyasikia, wakayabeba mpaka huku Kapata. Kwenye bomba la maji wanawake waliotoka Kapanga wamenipa jina. Hawaniiti mbele yangu. Nikiweka ndoo, wanaongea habari za mvua, nikigeuka, nasikia: "Messe Haiko amekuya." Mmoja alinunua makayabu kwangu, akauliza kwa upole kama mama alikuwa amenikosea nini. Nilimfungia samaki wake. Kanisani kwa Kisimba mzee mmoja alinisifu kwa kusimama imara katika imani, na sifa hiyo iliniuma kuliko matusi ya Henriette. Rozari ya mama nimeitoa kwenye sanduku, nimeirudisha, nimeitoa. Siwezi kuishika mbele ya watu, watasema najipaka utakatifu.

Wanaonipenda wananishauri niombe tu msamaha, yaishe. Nikiomba msamaha, nitakuwa nimekubali mbele ya mama kwamba nilimkatalia. Nisipoomba, anabaki bila misa. Hapo ndipo Kisimba amenifunga, na ufunguo uko mkononi mwake, una kamba ya mikro.

Panzi amepona. Waya mpya wa masse, mpana, wa kusukwa, umefungwa kwa bolti mbili na kupakwa grisi usishike kutu. Fimbo imenyooshwa. Jumapili namsikia anamuuliza mtu wa Zambia: "Unanisikia namna gani?" Yule anamjibu kwamba anamsikia vizuri sana.

Basi wanaosoma haya wajue linalobaki. Mama yangu anadai misa yake. Mimi nadai jina langu. Mdaiwa wa yote mawili ni mmoja, Kisimba, na mbuzi hatoshi. Anadaiwa asubuhi moja hewani, pale pale kwenye watu, asisogee pembeni, aseme: "Mi Kisimba nilipima antena penye batu, kidole yangu ilikuwa pa kitufe. Ilikuwa masse. Laurentine hakukataa messe ya mama yake." Waya ukilegea, nitaushika mimi mwenyewe, hata ukiniunguza tena.