Mkono wa Rangi ya Chungwa

Nilikata kitambaa cha mama nikajifanya jini. Wacha niseme mapema. Ilikuwa pamba nyeupe aliyoitenga kwa ajili ya koti la mwisho la maabara. Mimi nikaitoboa macho, nikawatisha watoto wa majirani wa ploti yetu kwenye ngazi. Walipiga nduru tamu sana. Kisha hofu ikanishika, nikanunua kipande cheupe sokoni na kukiweka palepale. Kwa macho, mapacha. Mama akakitumia kushona mkono wa kushoto wa koti hilo.

Saa kumi na mbili asubuhi tulitoka Kayole kwa miguu, makoti begani mwangu. Kiwanda kimoja kule mbele ya Njiru kilitaka kuyapima; yakipita, mama angepata kazi ya kuwashonea wafanyakazi wake. Ukungu ulikuwa umemeza orofa za juu, nguo zilizoanikwa zikaning'inia hewani bila nyumba.

"Tukipata hii kazi," mama alisema, "cherehani inahamia kibanda chake. Utalala bila kukanyagiwa pedali sikioni."

Nilitabasamu kama mtu anayeumwa na jino.

Kiwandani tulipokewa na Hamdi, dada mkaguzi wa vitambaa. Alitupeleka katika chumba chenye giza, akatandaza makoti kwenye mkanda wa mashine. Taa zikawaka, makoti yakaanza kuelea polepole chini ya kamera kama mawingu yanayoenda kulala. Kwenye skrini kila koti liligeuka buluu. Buluu, buluu, buluu. Nikasahau dhambi zangu. Halafu likaja la mwisho, buluu pia, ila mkono mmoja ulikuwa rangi ya chungwa, unawaka. Ni kama ulikuwa unanipungia.

"Mama, mkono huu si pamba tupu," Hamdi alisema. "Una polista, nyuzi za plastiki."

"Binti yangu, nyeupe ni nyeupe."

"Kwetu sisi, ndiyo. Lakini kila uzi hurudisha mwanga kivyake, na kamera hii husoma hata mwanga ambao hatuuoni. Makoti haya huvaliwa karibu na moto, mama. Polista huyeyuka, inaganda kwenye ngozi."

Mama aliugusa mkono ule, akaugusa tena. Alionekana mdogo ghafla.

"Ni mimi," nikasema.

"Wewe nani?"

"Jini."

Hamdi alicheka. Mama, wapi! Nikaeleza yote, mpaka matundu ya macho.

"Haya mengine ni safi," Hamdi akasema. "Leteni lingine kesho. Likiwa buluu lote, kazi ni yenu. Likikataa, sitaweza kuwatetea."

Tukirudi Kayole, mama aliingia duka la vitambaa, akamwambia muuzaji: "Pamba tupu." Mimi nilitazama kuta, mashati, maziwa, nikijiuliza vina rangi gani ambazo hatuzioni. Nilikuwa nadhani kosa lisiloonekana limekwisha. Kumbe lingeweza kumchoma mtu nisiyemjua.

Nyumbani mama alivuta kiti cha cherehani, akanikalisha mimi.

"Shona," alisema. "Kamera ikiona kosa, skrini inabadilika rangi. Mimi nikiliona, utabadilika wewe."