Glavu Mbilimbili

Katika ile nyumba ya kutunzia wazee, hakuna aliyemfikia Dada Chapuchapu kwa wepesi. Wenzake wakihangaika na mzee wa pili, yeye keshaogesha wanne na anapuliza chai. Siri yake ilikuwa kuvaa glavu mbilimbili. Akimaliza kumsafisha mzee na kumbadilisha nepi, alivua za juu tu, akaingia chumba kinachofuata na zile za chini, zilizokwisha kuchafuka, bila kuona maji wala sabuni. Huo ulikuwa uvivu uliovaa sare, lakini yeye aliuita ujuzi, na wageni wa kazi akawafundisha huku kichwa kimemvimba.

Kisha likaingia tumbo la kuhara. Msimamizi akawa anaandika ubaoni namba za vyumba kadiri wazee walivyougua: tisa, saba, nane, nne.

Asubuhi ya siku ya tano Dada Chapuchapu alisimama mbele ya ubao ule, akazisoma namba moja moja. Kila siku alianza na chumba cha tisa, kwa kuwa bibi wa humo huamka mapema, kisha saba, kisha nane, akamalizia na nne. Mtu mwingine hakuwa na mzunguko kama huo. Mwenye macho haambiwi tazama, na wenzake wote walikuwa na macho. Waliendelea kukunja mashuka, naye alitamani ardhi ipasuke immeze.

Chumba cha nne kilikuwa cha mwalimu mstaafu, aliyepooza upande mmoja. Kwa siku mbili hata uji ulikuwa haumkai tumboni, na daktari alikuwa ametikisa kichwa. Dada Chapuchapu alinawa kwa sabuni hadi viwikoni, akavaa glavu mpya, mbili tu, akapiga magoti kando ya kitanda.

"Mwalimu, huu ugonjwa nimekuletea mimi," alisema, machozi yakimlenga. "Ni hizi glavu zangu."

"Najua, mwanangu," mzee alijibu kwa taabu. "Kila siku nilikuwa nakuona."

"Sasa mbona hukuniambia?"

Mzee aligeuza uso ukutani.

"Ningekuudhi, nani angeniogesha?"

Dada Chapuchapu alikamua kitambaa, akaanza kumfuta mgongo polepole, akishindwa kumtazama. Miaka sita alikuwa akijisifu kwamba wazee wake hawalalamiki.