Matumbawe na Mbegu Tulizokula

Mnisamehe kwanza kwa mwandiko wangu na kwa maneno nitakayoyakosea. Niliishia darasa la saba, na nyumbani tunasema Kiha, kwa hiyo Kiswahili changu kinakwenda polepole. Nataka kueleza habari za matumbawe, ingawa bahari sijaiona. Bila matumbawe nisingeelewa nilichomfanyia mama.

Mwaka wa kuhamia vijijini tulitolewa mlimani tukashushwa bondeni, karibu na barabara ya Kasulu kwenda Kibondo. Mama alibeba chungu cha mbegu kichwani, akakataa kipakiwe kwenye lori. Ndani yake, pamoja na majivu, kulikuwa na maharage ya kila namna: makubwa ya njano, mekundu, yenye madoa, na madogo meusi yenye mstari mweupe pale yanaposhikana na ganda. Alipewa na mama yake alipoolewa. Kila msimu aliyapanda hivyohivyo, yamechanganyika.

Bonde lile lina maji na mbu. Mdogo wangu akashikwa na homa, mama akampeleka hospitali Kabanga akabaki naye huko. Mvua ikaanza hawajarudi. Nikaona nipande mimi, akirudi afurahi. Kwenye shamba la shule tulifundishwa kwamba mbegu safi ni ya aina moja. Nikamwaga chungu mkekani, nikachambua siku nzima. Makubwa ya njano nikayapanda kwa kamba, mistari imenyooka. Yaliyobaki niliyaona makapi. Nikayaosha majivu, nikayapika, nikawapelekea Kabanga.

Mama alikula matonge mawili. Halafu akatoa harage moja jeusi kwenye sahani, akaliweka kiganjani.

"Haya umeyatoa wapi?"

"Kwenye chungu."

"Na shambani umepanda nini?"

"Mazuri, mama. Nimeyachagua."

Mwanamke wa kitanda cha jirani akacheka, akasema binti huyu aolewe upesi, kwa kuchambua atawashinda mawifi zake wote. Mama hakucheka. Alilirudisha lile harage, akaendelea kumlisha mdogo wangu mpaka sahani ikaisha, kwa sababu mtoto alikuwa na njaa. Kisha akaniambia niondoke mapema, mvua inakuja.

Shamba langu liliota vizuri hata wapita njia walisimama kulitazama. Mvua haikukatika. Maji yakatuama kwenye mistari yangu, majani yakageuka rangi, na nilipong'oa shina moja mizizi ilikuwa imeoza. Tulivuna sahani moja. Mama alisema mara moja tu kwamba mlimani, mwaka wa mvua nyingi, yale meusi ndiyo yaliyotulisha, na mwaka wa jua yalitulisha yale yenye madoa. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Baadaye alinituma Kasulu kununua chumvi. Juu ya meza ya duka, karatasi za kufungia sukari zilikandamizwa na jiwe jeupe lenye vitundu vidogo sana. Mwenye duka aliniona nikiligusa. Akasema mke wake alilibeba kutoka pwani, siku zote zile ndani ya treni, kama vile Kasulu hakuna mawe. Mke wake, mwenyeji wa upande wa Kilwa, akamwambia anyamaze apime chumvi.

"Hili si jiwe, mwanangu," akaniambia. "Ni tumbawe. Hivi vitundu vilikuwa nyumba za wadudu."

Akanisimulia kwamba utotoni alifuatana na mama yake kutafuta pweza juu ya miamba, maji yanapokupwa. Matumbawe yalikuwa ya kila aina, mengine yana matawi, mengine mviringo kama kichwa cha mtu. Mwaka mmoja mto ulifurika ukamwaga maji baridi na tope baharini. Yenye matawi yakawa meupe, yakafa, yakavunjikavunjika. Ya mviringo mengi yakasalimika. Miaka ikapita, na juu ya vile vipande vikachipuka vya matawi tena, vifupi na vinene. Mto ulipofurika mara ya pili, vile havikufa.

Nilikuwa mwoga wa kuuliza, lakini niliuliza. Vilijifunza?

"Mama yangu naye hakujua," akasema. "Labda vilizoea. Labda vichache vilizaliwa na uwezo huo tangu mwanzo, na hivyo ndivyo vilivyobaki kuzaa. Mwamba wa aina moja ungekwisha wote."

Nilitembea hadi nyumbani na chumvi yangu nikilia. Chungu cha mama hakikuwa cha maharage yasiyochambuliwa tu. Alikuwa ametunza mvua ambazo bado hazijanyesha, na mimi nilizipika.

Sasa tumepata mbegu kwa ndugu na sokoni, za njano, nyekundu, hata za madoa. Nyeusi hatujaipata. Tulipanda mlimani mpaka kwetu kwa zamani, tukapekua palipokuwa jalala letu, huenda punje imejiotea, tukakuta migomba na magugu tu. Mama anaumwa mgongo. Mvua ikizidi husimama mlangoni akaangalia shamba.

Ninyi mnaosoma, mkiwa Kakonko, Kibondo au popote, kama kwenu lipo harage dogo jeusi lenye mstari mweupe, naomba mniandikie. Punje tano zinatosha kuanzia. Nataka mama azione angali hai. Na kama hamna, niandikieni pia, mniambie kwenu mnapandaje. Nitajibu kila barua, ila mnivumilie, naandika taratibu.