Bakuli la Mchuzi Mzito

Karakana nzima humwita Sponji, kwa sababu hutengeneza makochi na kwa sababu ya tumbo. Sasa tumbo limepungua, na jina limeanza kumpwaya kama suruali zake.

Saa ya chakula, yeye, seremala na mpaka rangi huvuka barabara hadi mgahawani na kukaa meza ile ile, mbele ya dirisha la jikoni. Wenzake huagiza wali. Yeye huagiza nyama na mboga za majani.

"Wali wake nileteeni mimi," seremala husema. "Mwenzetu anatafuta kiuno."

Sponji hucheka nao. Hajawaambia kwamba ana kisukari na kwamba daktari amemkataza wali, mkate na viazi. Afadhali wamdhanie mtanashati kuliko wamwonee huruma.

Tatizo ni kwamba sukari haishuki. Kila jioni mkewe humchoma kidole na kusoma kipimo. Jioni moja alimuuliza:

"Baba watoto, huko mgahawani unakula nini?"

"Nyama na mboga, haki ya Mungu."

"Basi nyama hiyo imevunwa shamba la mpunga."

Akampa hadi mwisho wa wiki. Kipimo kisiposhuka, atabeba chakula cha nyumbani na kula peke yake karakanani, katikati ya makochi ya watu. Kwa mtu ambaye asubuhi nzima hushona akiingojea meza ile, hiyo ilikuwa adhabu.

Siku iliyofuata, akisubiri nyama, Sponji alichungulia dirishani. Mpishi, mama mnene mwenye sauti ya kutosha barabara nzima, alikoroga unga wa ngano kwenye maji, akaumimina chunguni. Mchuzi ukawa mzito. Akachota bakuli, akalileta mwenyewe.

"Lako hilo. Wali huli, nakufidia kwa mchuzi."

Alikuwa akimfidia hivyo kila siku, na Sponji akilisafisha bakuli kwa kijiko.

"Mama, huu mchuzi siku zote unatiwa unga?"

Mpaka rangi aliacha kutafuna. Uzito wa mchuzi ndio uliojaza mgahawa ule. Kumuuliza mpishi siri yake mbele ya wateja ni sawa na kumuuliza umri.

"Umekuja kula au kukagua?"

Sponji alilitazama bakuli, kisha wenzake. "Nina kisukari," alisema. "Unga nimekatazwa."

"Kwa hiyo si kiuno?" seremala akauliza.

"Si kiuno."

"Na mimi nakula wali wako huku nakucheka!"

"Endelea kuula. Unanisaidia."

Mpishi alilinyakua bakuli. "Mficha maradhi kifo humuumbua! Mimi nakujazia kwa mapenzi, kumbe nakumaliza? Ukinifia mezani, nani atakaa hapo tena?"

Siku hiyo alimchomea nyama kavu. Tangu kesho yake akawa anamtengea mchuzi wake kabla ya kutia unga.

Mwisho wa wiki mkewe alisoma kipimo, akakitilia shaka, akachoma kidole kingine. Kilikuwa kimeshuka kweli. Sponji akamsimulia yote, bakuli na unga na maneno ya mpishi.

"Haya, nenda ukale na wenzako," mkewe alisema, akifunga kifuko cha sindano. "Ila Jumatatu tunakwenda wote. Nimwone huyo anayekujazia kwa mapenzi."