Kichuguu Kilichokunywa Mafuta

Mumba hakuwa na pua. Ya kukaa usoni alikuwa nayo, tena pana ya kutosha. Ya kunusa ndiyo iliyokufa. Miaka kumi na mitano pale Elisabethville alichovya mataruma ya reli katika kreozoti, yale mafuta meusi ya makaa ya mawe yanayowakatisha mchwa tamaa ya mbao. Harufu ikamla pua polepole, hata hakujua ilikwisha lini.

Kila Jumamosi mashapo ya mapipa yalipaswa kumwagwa. Zamani waliyamwaga mchangani, na mvua ikinyesha tu, mafuta yanaibuka kijitoni, mzungu anafoka. Mumba ndiye aliyepata dawa. Nyuma ya ua palikuwa na kichuguu kikubwa, mchwa wamekihama zamani. Akatoboa shimo kileleni, akamimina. Kichuguu kikanywa. Mvua za miaka sita zikapita, kijito hakikuona hata tone.

"Muchanga inasema kila kitu," aliwaambia wenzake. "Bulongo ya kichuguu inafunga kinywa." Bulongo kwao ni udongo.

Kapita Donat, msimamizi wao, akamsifu mbele ya watu. Jamani, mtu akisifiwa mara moja! Mumba akakipenda kile kichuguu kama shamba la urithi.

Nyumbani, mkewe Chileshe alikuwa na mimba ya tatu. Watoto wawili wa kwanza walizikwa hata majina hawajapewa, kwa hiyo safari hii Mumba hakumwachia mkewe kubeba hata ndoo ya maji. Lakini wanawake wetu mnawajua: mwenye mimba asipotafuna udongo wa kichuguu, hatulii. Na masika yale udongo mkavu uliadimika sokoni. Chileshe hakumsumbua mtu.

Jioni moja ya Machi, Mumba alikuta vipande vya udongo vikikauka juu ya mbabula, jiko lao la makaa. Akavunja kimoja. Ndani mlikuwa na mishipa myeusi, myembamba. Aliijua.

"Chileshe, ulipata wapi hii bulongo?"

"Ku kile kichuguu cha nyuma ya kazi yenu. Upande wa njia."

"Tangu lini?"

"Tangu Noeli."

"Haukusikia arufu?"

Chileshe akacheka. "Nilisikia, bwana. Si iko arufu yako? Kila siku unaingia nayo mu nyumba. Nikasema, hii bulongo iko ya kwetu."

Mumba akazoa vipande vyote, akavitupa chooni. "Iko mubaya. Usikule tena," alisema. Habari ya mafuta hakuitaja. Akakaa, akala ugali wake wote, asijue anakula nini.

Mtoto alizaliwa Aprili, msichana. Hakulia. Muuguzi akasema mambo haya hutokea, sababu anaijua Mungu. Mumba akaitikia, "Ndiyo." Labda ni kweli, wale wawili nao walikufa, na mama yao hakuwa amegusa kichuguu kile. Alijiambia hivyo, akayasikia maneno kama yanasemwa nyumba ya jirani. Alitaka kulia. Machozi yakakataa.

Kaburi alilichimba mwenyewe, mbali, kando ya kijito.

"Mbona huku kwenye muchanga?" Donat akamuuliza.

"Muchanga inaachilia," Mumba akasema. Donat hakuelewa.

Wiki ikapita. Mumba aliporudi kutoka kazini, Chileshe aliweka uso kwenye shati lake, akavuta pumzi ndefu.

"Hii arufu tu ndiyo inanituliza," akasema. "Ile bulongo yetu, haikubakia hata kadogo?"

"Hapana, mama. Iliisha."

Jumamosi mapipa yalijaa. Mumba akapanda kichuguuni na ndoo yake. Safari hii aliinama kutazama upande wa njia, akaona pale mkewe alipochimba, shimo safi la ukubwa wa karai, na alama za vidole bado zimo. Akasimama mpaka Donat akampigia mluzi.

Halafu akamimina.