Leo nimemwagilia magugu

Leo nimelipwa kumwagilia magugu, mimi niliyetoka Uvira kuja kuyang'oa.

Mama mmoja mtafiti, huku mtaa wa Mutanga Sud, ana vyungu vya maharage na magugu pamoja.

"Dawa yangu mpya inazuia kimeng'enya," akasema, "kitu kinacholisaidia gugu kutengeneza chakula. Kikizuiwa, linakufa njaa."

Nikamuuliza, "Na mi, Mama? Nitapalilia nini?"

Akageukia vyungu. Nikamfuata.

Tukafunua vyungu alivyopulizia dawa hiyo wiki jana. Maharage yote yamekauka. Gugu limesimama, tena limetoa ua.

Nikacheka.

"Papa Amani, unacheka nini?"

"Apana, Mama. Ni kikohozi."

Akaniambia nilimwagilie tena, atajaribu dawa nyingine.

Nimelimwagilia mpaka chungu kimefurika. Semeni ukweli, ninyi mngefanyaje?